Meli Haimngoji Mtu, Hata Mkwe wa Mtu

Siku meli ya starehe ikifunga gatini, Kiyoyozi huwa hakai. Huosha gari, hulipangusa vioo, kisha hulizunguka kama bwana harusi anayekagua viatu vyake. Jina lenyewe alipewa na kijiwe, kwa sababu ndiye dereva teksi pekee kisiwani mwenye gari linalopuliza baridi, na hajawahi kumaliza kikombe cha kahawa na mtu bila kumweleza habari hiyo. Leo, hata hivyo, alikuwa amekaa. Amekaa kwenye benchi la Bi Birika muuza kahawa, mikono mashavuni, macho kwenye ngazi ya meli, huku wageni wakishuka, wakimpita, na kwenda zao kupanga foleni kwenye basi la umma.

Pembeni yake Fundi Soli, mshona viatu, alikuwa amebana kiatu cha mtu magotini na gazeti juu ya kiatu. Fundi Soli husoma gazeti kwa sauti, atake asitake mtu.

"Haya, hii hapa," akasema. "'Wageni wa meli za starehe wakacha teksi, wapenda mabasi na vivuko vya wananchi.' Wanasema wanataka kuishi kama wenyeji."

"Kuishi kama wenyeji?" Kiyoyozi akainua kichwa. "Mimi mwenyeji. Waje kwangu. Bomba halitoi maji, wataishi vizuri sana."

"Usiwasome vibaya, kaka. Watu wamechoka anasa."

"Mimi sijachoka. Tubadilishane. Mimi nipande meli, wao wabaki hapa na Fundi Soli anawasomea gazeti."

"Soma vizuri, Fundi," akasema Bi Birika, akimimina. "Labda wamefilisika tu wanaona aibu kusema."

"Mtu aliyefilisika anapanda meli yenye bwawa la kuogelea?"

"Hilo nalo sijawahi kulielewa. Bahari hii hapa chini, wao wamebeba maji mengine juu yake."

Mzee Kamba, aliyekaa mwisho wa benchi, akacheka mpaka kikombe kikatikisika. Huyu kabla ya kustaafu alikuwa mfunga kamba wa kivuko, kile kinachovusha watu kutoka ncha ya pili ya kisiwa kwenda kwenye kisiwa kidogo chenye mnara wa taa. Alistaafu kazi, lakini kivuko hakijamtoka mdomoni.

"Waacheni wapande," akasema. "Basi zuri, kivuko kizuri. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone."

"Mgeni kaja, mzee wangu, na mwenyeji hali yake inazidi kuwa mbaya," akajibu Kiyoyozi. "Nikikosa abiria leo nimekwisha. Unajua nilichoahidi nyumbani."

Walijua. Kijiwe kizima kilijua, na kama kuna mtu hakujua ni kwa sababu alikuwa bado hajazaliwa. Dereva wa lile basi ni mama mkwe wake, Mama Usukani, mwanamke aliyeendesha magari makubwa tangu enzi ambazo wanaume walikuwa wakisimama barabarani kumshangaa. Konda wake aliacha kazi. Mama akamtazama mume wa binti yake, akalitazama lile gari dogo linalopuliza baridi likiwa tupu siku nenda rudi, akamwambia aje awe konda. Kiyoyozi, kwa kiburi cha mtu aliyeshiba chakula cha jioni, akajibu mbele ya mkewe kwamba meli ijayo ikija na yeye akakosa abiria, basi Jumatatu ataingia kwenye basi.

"Kazi ni kazi," akasema Fundi Soli.

"Tatizo si kazi. Wewe hujui ukonda. Konda ndiye bosi wa dereva. Anagonga bodi, dereva anasimama. Anagonga tena, dereva anaondoka. Sasa mimi nimgongee bodi mama mkwe? Nimpigie mluzi mzazi wa mke wangu?"

"Utagonga kwa adabu."

"Kugonga bodi kwa adabu kukoje?"

"Unabisha hodi."

Bi Birika ilibidi aweke birika chini. Kiyoyozi hakucheka. Moyoni alikuwa anaona kabisa: yeye mlangoni, basi limejaa, mama mkwe kwenye usukani anasubiri amri yake, na yeye amri hana. Yule mama akiingia tu nyumbani kwake, yeye Kiyoyozi husahau hata alikoweka viatu vyake. Ataweza vipi kumwambia twende?

Wakati huohuo wakatokea wageni wawili wazee, mke na mume, mke kavaa kofia pana kama sinia. Kiyoyozi akaruka. Akafungua mlango wa gari mpaka mwisho ili ubaridi uwafikie.

"Karibuni. Teksi safi, kiyoyozi kinafanya kazi, mnakwenda popote."

Yule mama mwenye kofia akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, cha kujifunza darasani. "Asante sana, baba. Baridi tunayo nyumbani. Tumeikimbia."

Fundi Soli akajifunika uso kwa gazeti.

"Mama, lile basi hamtaliweza," Kiyoyozi akasihi. "Linasimama kila mlango. Mtu akiwa anavaa viatu, linamngoja amalize. Mtu akisahau mwavuli, linarudi kuuchukua."

Yule mama akamtafsiria mumewe. Mzee wa watu akapiga makofi.

"Ndilo tunalolitaka," akasema mama. "Halafu kivuko, halafu mnara wa taa. Lakini je, tutaiwahi meli yetu?"

Hapo ndipo Mzee Kamba aliposimama, akaweka mkono kifuani kama anayeapa. "Mama, ondoa shaka. Kisiwa hiki chombo hakimwachi mtu. Basi linangoja kivuko, kivuko kinangoja basi. Mwaka fulani kivuko kilimngoja bwana harusi mpaka akapatikana, na mwenyewe alikuwa hataki kupatikana. Nendeni, mtembee kwa raha zenu."

Wakaenda. Basi likaondoka, Mama Usukani akampungia mkwe wake mkono kupitia dirishani, na ule mkono Kiyoyozi aliuona kama unamwita.

Jua likapanda, jua likashuka. Wageni wengine walitembea kwa miguu, wengine walikodi baiskeli, mmoja alisimama mbele ya teksi kwa muda mrefu hata Kiyoyozi akaanza kumpenda, kumbe alikuwa anajitazama kiooni. Kijiwe kikamaliza habari za meli, kikahamia kwenye mpira, kikagombana, kikapatana.

Ndipo meli ikapiga honi.

"Inawaita watu wake," akasema Mzee Kamba kwa furaha.

"Huo mlio wa kwanza," akasema Bi Birika. "Ukija wa pili wanavuta ngazi. Na basi bado."

"Si watawangoja?"

"Nani, hawa? Mzee wangu, meli ile haingoji. Safari iliyopita ilimwacha mpishi wake mwenyewe hapahapa benchini, kikombe mkononi."

Mzee Kamba akapauka. "Imwache mpishi? Sasa wanakula nini?"

"Mzee, umewaambia wageni watembee kwa raha zao," akasema Fundi Soli taratibu.

"Nilijua chombo ni chombo."

Simu ya Kiyoyozi ikaita. Alipoona jina, akasimama wima na kuvua kofia, kama kawaida yake. Akaweka sauti ya nje, maana mkono wake mmoja ulikuwa na kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenzio aanze kupika, mimi nitachelewa. Kivuko ndiyo kwanza kimefika, kilikuwa kinamngoja bibi mmoja amalize kukamata kuku wake. Na hawa wageni wako ni watu wazuri kweli. Nimewaambia wakaoge baharini kabisa, hatuna haraka."

Benchi zima likamgeukia Kiyoyozi. Tamaa ikamjia waziwazi, hata yeye aliiona. Wageni walioachwa na meli lazima wapande teksi. Watakwenda hoteli, watakwenda uwanja wa ndege, watazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka tairi ziishe. Ahadi ya Jumatatu inafutika. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, haya mama, basi. Wala si uongo.

Lakini kesho yake je? Kisiwa kizima kitasema basi la Mama Usukani limewakosesha wageni meli. Mwanamke ambaye maisha yake yote hajamwacha hata mbuzi njiani. Na yeye, mkwe wake, alikuwa kwenye simu.

"Haya, mama," akaanza.

Bi Birika akaacha kumimina, akamkazia macho.

"Haya mama nini?" simu ikauliza.

"Haya mama, ondoa basi."

"Unasemaje?"

"Waite wageni, washa gari, uje moja kwa moja. Meli haiwangoji."

"Nani kakwambia? Chombo gani hakingoji watu?"

"Mama, tutabishana ukifika. Twende."

Kiyoyozi akafumba macho kama anayesubiri sindano. Kisha ikasikika honi ya basi, sauti za watu, na injini ikinguruma. Abiria mmoja alishikishwa simu, kwa hiyo kijiwe kikasafiri nao.

"Mwanangu, hapa mbele kuna mzee anashuka, nyumba yenye paa jekundu."

"Hashuki."

"Ni shemeji wa mwenyekiti."

"Hata angekuwa mwenyekiti mwenyewe. Pitiliza."

Sauti ya mzee ikasikika ikilalamika kwamba nyumba yake hiyo inaachwa, mkewe huyo mlangoni anamwona.

"Mwambie ampungie mkono," akasema Kiyoyozi. "Kanyaga mafuta, mama."

"Na bibi wa kuku?"

"Na kuku wake. Wote gatini."

"Kuna kijana alisahau begi kivukoni, anataka turudi."

"Ataishi bila begi. Twende, twende, twende." Na kwa kiganja chake akawa anagonga benchi, pa pa, pa pa, mpaka vikombe vikaruka, wala hakujua kama anagonga.

Honi ya pili ikalia. Mabaharia wakaanza kuisogelea ngazi. Mzee Kamba, bila kumwambia mtu, akainuka na fimbo yake, akavuka hadi gatini, akakaa juu ya nguzo iliyofungiwa kamba ya meli. Kijana wa bandarini akamwomba aondoke. Mzee akamwambia anapumzisha goti, goti likikubali ataondoka. Wakamwita msimamizi. Mzee akamwambia na yeye maneno yaleyale, akaongeza historia ya goti tangu lilipoanza kuuma.

Alikuwa bado hajafika kwenye goti la kushoto basi lilipoingia kwa kishindo na vumbi. Wageni wawili wakashuka miguu ikiwa na mchanga, kofia ya mama imelala upande, mume anacheka kama mtoto. Walipopita benchini yule mama akamshika Kiyoyozi mkono.

"Baba, basi hili halikusimama hata mara moja," akasema. "Ulitudanganya."

Wakapanda ngazi. Mzee Kamba akagundua goti limepona. Meli ikaondoka.

Furaha ya kijiwe haikudumu, maana kutoka kwenye basi walikuwa wanashuka wale waliopitishwa majumbani kwao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekuja mjini kwa hiari. Shemeji wa mwenyekiti alikuwa wa kwanza, akiuliza ni nani aliyekuwa akimtukana kwenye simu. Bibi wa kuku alikuwa wa pili. Injini ya basi ilikuwa inafuka moshi, na Mama Usukani akasema gari lake haliendi popote mpaka lipoe.

Kiyoyozi akaona hapa asipowahi ataliwa yeye kabla ya kuku. Akafungua milango ya teksi. "Karibuni, karibuni, nawarudisha wote bure. Mzee, wewe mbele. Bibi, kaa dirishani, kuku mpakate. Mama mwenye mtoto, sogea kidogo, sogea tena, bado nafasi ya mmoja. Kijana, bana hapo, hatufiki mbali." Mlango ukafungwa kwa kusukumwa na nyonga.

Alipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa.

"Mwanangu," akasema, "tulikubaliana nini kuhusu leo?"

Hapo Kiyoyozi akapata nguvu. Akalikunjua shati lake, akalionyesha gari kwa mkono mzima. "Mama, tulikubaliana nikikosa abiria. Sijakosa. Hata upepo haupiti."

"Naona. Nani aliyewaita?"

"Nimewaita mwenyewe, mama."

"Watu wamekasirika vile, wamekubalije kuingia?"

"Nimewabembeleza kidogo, nimewakaripia kidogo."

"Na kiti cha watatu wamekaa watano?"

"Nimewabana, wakakaa. Ni kujua kuwapanga tu."

"Na kule kwenye simu, aliyekuwa ananiambia kanyaga mafuta ni nani?"

Fundi Soli akainamia kiatu chake. Bi Birika akatazama baharini. Kiyoyozi akatafuta kofia aivue na kofia alikuwa hana.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Konda kama huyo nimemtafuta miaka." Mama Usukani akamrudishia Bi Birika kikombe, akajifunga vizuri kanga yake. "Jumatatu uje mapema. Na ile adabu yako ya nyumbani uiache hukohuko kwa mke wako."

Kiyoyozi akataka kujibu, lakini ndani ya teksi bibi wa kuku alishaanza kugonga mlango kwa kiganja.

"Konda," akaita, "twende."