Matunda ya Kwenye Picha

Jamani, leo heshima yangu imemwagika sakafuni, na ilikuwa nyekundu.

Nianze mwanzo. Mama mkwe wangu, Mama Mbuyi, amelazwa hapa Kolwezi. Ana uvimbe tumboni, na daktari alisema hampasui mpaka wapatikane watu wawili wa kumtolea damu. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Si kwa wema wa moyo peke yake, nikiri. Yeye ni wa Kasai, mimi ni wa Mutshatsha, kabila jingine, tena mtoto wa wachoma makaa. Miaka sita hajawahi kuniita mkwe. Kwa wageni husema tu, "Huyu ni bwana ya Bibiche." Basi nikawaza: damu yangu ikishaingia kwenye mishipa yake, atanikana vipi?

Wiki iliyopita Tata Ilunga (tata ni baba), mzee wa maabara, akanidunga kidole. Akatikisa kichwa.

"Damu yako ni kidogo, tata. Kula mboga, urudie juma ingine."

Tatizo ni kwamba wiki yote nilikuwa kazini Nzilo (mimi ni fundi umeme), na pale tunapolala hakuna soko la majani. Mke wangu Bibiche akanifungia makopo sita ya njegere. Mwenzangu wa chumba naye alikuwa na pakiti za juisi nyekundu. Nikaketi kuvilinganisha kama msomi. Kopo: njegere, maji, chumvi. Hiyo ndiyo dawa? Pakiti: VITAMINI C kwa herufi kubwa, na picha ya matunda mpaka yanadondoka. Tena nyekundu! Damu ni nyekundu. Njegere ni za kijani. (Sikutaka mama mkwe aongezewe damu ya kijani.) Nikabadilishana naye makopo matano kwa juisi. La sita alilikataa, akasema tumbo lake limechoka, nikalirudisha nyumbani kwa Bibiche.

Leo asubuhi nimefika hospitalini na shati jeupe la kanisani, sijala kitu, pakiti ya mwisho mkononi. Tata Ilunga akadunga, akapima, akanitazama.

"Ni ile ile. Ulikula nini?"

"Mi nilikunywa jus, tata. Kila siku!" Nikamwonyesha pakiti kwa fahari.

Akavaa miwani. "Soma hapa nyuma. Na sauti ya nguvu."

"Maji. Sukari. Rangi. Harufu ya..." (Nikageuza pakiti, labda kuna zaidi.)

"Matunda iko wapi?"

"Iko ku picha, tata."

"Basi na damu yako iko ku picha."

Foleni nzima ikacheka. Lakini mzee hakunitupa. Akanieleza kwamba njegere, hata za kopo, zina madini ya chuma, na chuma ndicho kinachojenga damu. Uzisuuze tu zitoke chumvi. Majani ya sokoni nayo ni mazuri. Na juisi ya tunda lililokamuliwa kweli husaidia mwili kuyapokea hayo madini, kwa hiyo havishindani, vinaliwa pamoja. "Tena damu haijengwe mu juma moja," akasema. "Endelea kula, utakuja kutolea mwingine."

Nikasimama niondoke na aibu yangu. Pale pale nikaona mfuko wa damu ya shemeji yangu, yule mtoaji wa pili, unajaa. Kumbe damu siiwezi! Nimeanguka juu ya pakiti, ikapasuka, shati jeupe likawa jekundu kuanzia kola hadi mkanda!

"Yooo! Anatoka damu!" mama mmoja akapiga kelele.

Wa kwanza kufika hakuwa muuguzi. Alikuwa mama mkwe, mgonjwa mwenyewe, katoka kitandani wodi ya jirani kajifunga kitenge, anatembea kashika ukuta. Akainama taratibu, akanusa shati.

"Hii haina damu. Ni jus." Kisha akaniangalia usoni. "Umekula?"

"Bado, mama."

Sasa sikilizeni. Kwetu mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake. Miaka sita, nikienda kwao, nimekula chumba cha nyuma na mlango umefungwa. Leo kanikalisha ukingoni mwa kitanda chake, akavuta sahani aliyoletewa na Bibiche. Bukari, ugali wetu, na njegere. Lile kopo la sita!

"Fungula kinywa."

"Mama, batu beko banaangalia."

"Baangalie! Huyu ni mukwe wangu. Alikuja kunipa damu yake. Kama ni ya jus, ni ya jus."

Mukwe wangu. Mbele ya wodi nzima! Nimelishwa vijiko saba kama mtoto (Bibiche alikuwa anahesabu, mkono mdomoni), na machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili. Bukari haikuwa na pilipili.

Damu imetosha. Shemeji katoa, na nafasi yangu kaichukua dada mmoja wa kwaya ya kanisani kwa mama mkwe, Mungu ambariki. Namshukuru yeye, namshukuru Tata Ilunga, namshukuru hata yule mwenzangu wa Nzilo kwa kukataa kopo. Upasuaji ni kesho asubuhi, mtuombee.

Na tafadhali msicheke. Mkishindwa, chekeni polepole, nipo kando ya kitanda na mama mkwe wangu ndiyo kwanza amelala.