Kinachomshibisha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Mama mkwe amegusa mchuzi wangu kwa ncha ya kijiko, akasema ameshiba. Ameshiba nini? Nimekaa jikoni jioni nzima! Mke wangu anasema nisijali. Najali sana. Jumamosi mama ataamua akae kwetu au kwa mwanyumba wangu, mume wa shemeji. Mtu ambaye hata mayai anaunguza. Huyo ndiye anishinde mimi?

Jumanne, 7 Mei
Mchana nimeacha cherehani, nikamfuata mama kwa mbali. Kaingia ule mgahawa mdogo wa kona, wenye bendera za nchi za watu ukutani na vyakula nisivyoweza hata kuvitamka. Mama mkwe, anayeshuku hata mkate wa dukani! Nikachungulia dirishani mpaka mhudumu akaja kufuta kioo palipokuwa na pua yangu. Mama kamaliza bakuli zima. La nini? Usingizi hauji.

Jumatano, 8 Mei
Nimeingia na miwani ya jua na koti la mteja linalosubiri vifungo. Nikajificha nyuma ya menyu. Kwa kidole nikaonyesha bakuli lililokuwa mbele ya mama: nami nataka hicho hicho. Kikaja kibakuli chekundu. Nikajaza kijiko, nikameza. Kumbe hiyo ni pilipili ya pembeni, chakula chenyewe kilikuwa bado jikoni. Machozi, kamasi, kikohozi. Mama hakugeuka. Alimwambia tu mhudumu ampelekee mkwe wake maji, na kwamba lile koti linambana.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemwendea mpishi, nikamwomba siri yake. Akacheka. Ni tambi na mchuzi wa kuku, hakuna siri. Ila mama alishamwambia kwamba anapapenda pale kwa kuwa anakula bila mtu kumsimamia na kumwuliza kila kijiko kama chumvi imekolea. Njia nzima nimewaza ni nani anayemsumbua hivyo mama wa watu. Nimemwuliza mke wangu. Akanitazama, akaendelea kunitazama. Basi, ni mimi. Nimeumia kweli. Mimi nilitaka tu apapende kwangu.

Ijumaa, 10 Mei
Tambi na kuku. Nimemwekea mama, nikarudi jikoni, mdomo nimeufunga. Akaanza kula. Akaendelea! Lakini alikuwa anajisikiaje? Ningejuaje nikiwa jikoni? Nikatoa kichwa mlangoni, nikamwuliza kama anafurahia jinsi nisivyomwuliza chochote.

Jumamosi, 11 Mei
Mama amehamia kwa mwanyumba. Ameniaga vizuri, akanishika mkono kwa muda. Nyumba imepoa, nami nimekosa raha. Ila kosa nimeligundua: kuku alikuwa mkavu. Kesho nampelekea mwingine, laini, na nitasimama pale pale kando yake mpaka amalize.