Mwali Uliokunjamana

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Daktari, mkuu wa maabara yetu, ametangaza kuwa mtungi mpya wa kuchomea gesi atapewa mmoja tu: mimi au Kalamu, mwenzangu anayeandika kila kitu, hata chafya. Mwingine anahamia stoo. Ijumaa tupeleke picha ya mwali wa moto kwenye presha kubwa. Kazi nyepesi! Unajaza gesi na hewa, unapiga cheche katikati, kamera inachungulia kwenye kidirisha cha kioo. Stoo siendi ng'o.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Kwenye presha ndogo mwali ulitanuka laini, mviringo kama kiini cha yai. Nikapandisha presha mara kumi. Ukaanza vizuri, kisha ukaingia nyufa, nyufa zikazaa nyufa. Gamba la kobe! Nimefuta kidirisha mara nne. Kobe yuleyule. Picha nimezichana zote kabla Kalamu hajaziona.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu anasema hata yeye akibanwa hukunja uso, sembuse moto. Nimewaza sana. Kitu kinaanza kidogo, kizuri, halafu kinakua na kuharibika. Nimehuzunika kweli. Kisha, wazo! Nipige kwa presha ndogo, niandike presha kubwa. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Machi
Nimechungulia meza ya Kalamu. Kobe watupu! Maskini. Nikamshauri azipeleke hivyohivyo, ni nzuri sana. Akanishukuru kwa moyo wote.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari alipoona kobe wa Kalamu alipiga makofi. Eti mikunjo hiyo ndiyo anayoitafuta. Mwali ukitanuka chini ya presha kubwa haubaki laini; hujikunja, na mikunjo huufanya uungue kwa kasi zaidi. Akageukia yangu, akauliza ulaini huu umetoka wapi. Nikasema ni mkono mwepesi tu. Akanitazama mpaka nikakiri. Nilikuwa nazo picha hizo tangu Jumanne! Nimezichana mwenyewe. Nilikwenda chooni nikalia.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari ana huruma. Mtungi ni wa Kalamu, ila nitabaki kuwa msaidizi wake nikileta kesho picha moja ya kweli, ya presha ndogo, mwali laini, ya kulinganishia. Basi! Lakini sasa najua anachokipenda Daktari. Nimechukua msasa, nimekikwaruza kidirisha chote taratibu, kona hadi kona. Kesho atapata mikunjo hata kwenye presha ndogo. Kalamu atakoma!