Banda Lenu na Sikio Langu la Kushoto

Kwa Mkuu wa Idara ya Usanifu Majengo,

Ndugu,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapolalamikia jengo ni kusema kwamba litaanguka. Mimi nakuandikia kwa sababu lenu limekataa kuanguka. Nimelisubiri dirishani tangu wanafunzi wako walipolisimamisha kwenye uwanja ulio kati ya chuo chenu na nyumba yangu, na hata upepo wa juzi, ulioondoka na bati la jirani, haukulitikisa. Kwa hiyo sina budi kueleza malalamiko yangu kwa mpangilio, kama nilivyozoea nilipokuwa nikifundisha hesabu.

1. Hakuna vipande viwili vya plaiwudi vinavyofanana. Nimevikagua. Kila kimoja kimechongwa namba yake na kinaingia mahali pamoja tu, bila msumari wala gundi. Mwanafunzi wako mmoja, binti mwenye miwani, alinieleza kwa adabu: "Babu, sisi tunaipa kompyuta masharti tu. Kivuli kiwe hapa, upepo upite pale, mbao zisipotee bure. Umbo inalitafuta yenyewe, halafu mashine inakata." Nikamuuliza, basi likipinda nimlaumu nani? Akacheka, akasema limepinda makusudi. Ndugu, tunaelekea wapi? Fundi aliyenijengea ukuta ukaenda upogo tulimsema miaka na miaka, na mtaa mzima ukaelewana kwa ajili hiyo. Kompyuta utaisemaje? Haina hata shemeji wa kupelekewa malalamiko.

2. Halina mlango. Mtu hajui kama ameshaingia au bado yuko nje. Jirani yangu kinyozi alipiga hodi kuanzia upande mmoja mpaka akatokea upande wa pili, bila kukaribishwa na yeyote.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Ukilitazama kutoka juu, banda hilo ni duaradufu, yaani duara lililovutwa likafanana na yai. Kwa faida ya wasiojua, duaradufu ina nukta mbili ndani yake. Sauti ikitoka kwenye nukta moja hugonga ukuta, popote itakapogonga, kisha hukusanyika kwenye nukta ya pili. Wanafunzi wako wameweka benchi kwenye kila nukta. Jambo hili nimelifundisha mpaka nikastaafu, na bado nilikwenda kulikalia bila habari.

Jumapili nilikuwa na kinyozi kwenye benchi la upande wetu. Nikamnong'oneza kwamba sikio langu la kushoto ni zima kabisa, ila huziba mama watoto anapoanza kunituma dukani. Kinyozi alicheka mpaka akashika mbavu. Mama watoto naye, kumbe, alikuwa amefuata kivuli kwenye benchi la upande wa pili, anachambua mboga. Neno moja tu likanifikia, wazi kama limesemwa begani kwangu: "Ahaa!"

Tangu siku hiyo hanisemeshi. Chakula anaweka mezani, maji ya kuoga anatenga, lakini kinywa amekifunga. Binti yetu alipouliza kulikoni, mama yake akamjibu, "Baba yako hasikii. Nimsemeshe ili iweje?" Ndugu, katika nyumba hii sasa nasikia saa ya ukutani, tena kwa masikio yote mawili.

4. Kwa sababu hizo naomba banda livunjwe. Naomba pia kompyuta iliyolibuni iletwe nyumbani kwangu imwombe radhi mke wangu ana kwa ana. Na kwa usalama wa ndoa nyingine, kila kilichopinda mtaani kinyooshwe: kona ya barabara, masufuria, na upara wa kinyozi, ambao sina imani nao tena.

Nisalimie wahadhiri wote, walinzi wa getini, na yule binti wa miwani. Mwambie maelezo yake yalinifikia vizuri mno.

Wako katika usikivu,

Mwalimu mstaafu,
nyumba inayotazama uwanja.

Nyongeza: Barua zangu zote husahihishwa na mke wangu. Hii nilimwachia mezani bila neno. Akaichukua, akavuka uwanja, akakaa kwenye benchi lake. Nami nikaenda kukaa kwenye langu, nikijifanya naangalia mawingu. Akaisoma yote kwa sauti ya chini, akicheka palepale nilipoandika kwa uchungu. Alipomaliza akanong'ona, kwa sauti ambayo mahali pengine popote hata sikio zima lisingeipata: "Mzee, sukari imekwisha."

Nikamjibu, "Nimesikia."

Akasema, "Basi ukirudi, upitie hapahapa."

Nimetoka dukani sasa hivi, na njiani nimesoma tangazo mlilobandika: jaribio limekamilika, banda linavunjwa kesho asubuhi. Ndugu, leo hii zichukue nyundo za wanafunzi wako uzifungie stoo.