Fundi Odongo Asiguse Rangi ya Mkwe

Laban Wafula,
Baba Dogo.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Pikipiki,
Kariobangi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta salama, mikono ikiwa na grisi ya halali. Mimi si mtu wa kulalamika. Muulize yeyote ambaye hajawahi kukaa nami. Lakini mwanachama wako Odongo amenivunjia heshima, na asipoonywa nitabaki bila mke.

Mke wangu Everline ni mjamzito, na siku zimekaribia. Mama yake amekuja kutoka Bungoma kumngoja mtoto. Mwaka jana alipotutembelea aliitazama pikipiki yangu, kuukuu kuliko ndoa yetu, akaguna, akamnong'oneza Everline neno. Sikuhitaji kuambiwa, nilijua ni kutu. Aibu ilinila.

Safari hii, kabla hajafika, niliifungua yote, nikaipaka fremu rangi ya samawati, nzito, hadi kwenye matundu ya nati, kisha nikaifunga tena. Iling'aa, Mwenyekiti! Ila tangu hapo nikibonyeza stata inasema "tak", inanyamaza. Sasa mama mkwe ametangaza kwamba isipowaka wiki hii anaondoka na Everline, akajifungulie kwao. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipomwita aje kuitazama, Odongo hakulaumu betri, kama fundi mwenye adabu. Alichukua kipande cha waya, akagusisha upande hasi wa betri na injini. Nilipobonyeza, stata ikazunguka. Alipokiondoa, "tak". Kuifanya pikipiki ya mtu imtii mgeni mbele ya mkewe ni uchochezi.

2. Akasema umeme haupiti kwenye rangi. Eti nifungue ule waya mweusi wa betri uliofungwa kwenye fremu, nikwangue chini ya nati mpaka chuma kionekane. "Buda, ni hapo tu, kadogo." Rangi niliyompakia mkwe! Leo kadogo, kesho tangi lote.

3. Nilipokataa, alinitajia uzuri wa mkakasi. Sikumwomba methali.

4. Kwa kuwa haiwaki, lazima nisukumwe. Everline hawezi. Jana, majirani wakiwa kazini, aliyenisukuma ni mama mkwe, ambaye kwa mila yetu hata mkono simpi. Sikugeuka nyuma, kwa hiyo mila haikuvunjika, lakini watoto wa ploti walishangilia mpaka kona. Hili nalo ni la Odongo.

Kwa hayo, naomba Odongo asimamishwe kazi, na chama kitutafutie umeme unaoheshimu rangi. Nampenda mke wangu na siwezi kumpoteza kwa ajili ya nati.

Nisalimie mafundi wote, na mama wa chapati aliye karibu na kibanda chako. Odongo pia msalimie, ila salamu zake zichelewe kidogo.

Ni mimi, mkwe mwenye adabu,
Laban Wafula.

N.B. Nilipotoka kununua bahasha, mama mkwe alifungua ile nati na kukwangua kwa kisu cha mboga. Nimebonyeza mara moja, imewaka. Everline haendi popote, na Odongo aachwe tu. Nimemuuliza Everline lile neno alilonong'onezwa mwaka jana. Mama hakutaja kutu. Aliuliza kama, siku uchungu ukimshika binti yake, hiyo pikipiki itawaka.