Matembezi Yanayonipandishia Sukari

Belle Fork, Mississippi

Kwako Mchungaji Tolliver,

Mimi Cleophus Magee, jaji wa siku nyingi wa pai za viazi vitamu kwenye sherehe ya kanisa letu, nakuandikia kwa heshima zote, mguu mmoja ukiwa juu ya stuli. Umeniondoa kwenye ujaji ukanitia kwenye kikundi cha matembezi, ati kwa sababu nina sukari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuguzi alisema nitembee kila baada ya kula. Mimi ni mtiifu. Ili nitembee zaidi, imebidi nile zaidi. Sasa nafungua kinywa mara mbili kila asubuhi.

2. Njia uliyotuchagulia inapita mbele ya baraza za akina mama wote wa kanisa, na unajua kwetu hapa mtu hakatai sahani akabaki na jina. Juzi Bibi Odessa alinipigia ukelele: "We Cleophus, unapita kwangu kama hunijui? Panda hapa ule!" Mke wangu Verlene, anayetuongoza kwa filimbi, akamjibu: "Muache, Odessa! Huyo tunamtembeza miguu, siyo meno!" Nilikuwa nimeshapanda.

3. Sukari imepanda. Muuguzi anasema vidole vyangu vya miguu vimekufa ganzi, na nikiendelea hivi huenda vikakatwa. Nikamwambia, hayo ndiyo madhara ya mazoezi. Hakucheka. Verlene naye hakucheka, na huyo hucheka hata msibani.

Kwa hiyo naomba matembezi yafutwe, nirudishwe kwenye pai, ambako angalau nilikula nimeketi. Ikishindikana, tangaza kanisani kwamba nimefariki, nipite barazani bila kuitwa. Shida ni kwamba wakisikia msiba watajaza vyakula nyumbani, na marehemu ndiye atakayebaki navyo mezani. Lifikirie.

Nisalimie mama mchungaji na kwaya yote, hata wale wa sauti ya nne.

Wako katika Bwana na katika jasho,
Cleophus Magee

N.B. Barua hii imekaa mfukoni wiki kadhaa. Verlene ametuhamishia njia ya nyuma, kwenye mashamba ya pamba, kusiko na baraza wala sahani. Leo kokoto limeingia kiatuni, likachoma vidole vile vile vilivyokufa ganzi, nami nikajikuta katikati ya njia napiga kelele: "Linaniuma! Verlene, linaniuma!" Amekaa chini vumbini, akacheka hadi akalia. Kiti cha pai mpe mwingine, Mchungaji. Mimi kesho natembea.