Habari za Hakimu wa Pasi na Wimbo wa Saba

Enyi mliokaa na mliosimama, enyi mliotia sukari kwenye chai mkasahau kuikoroga, wekeni vikombe chini mnisikilize, kwa maana nataka kunena jambo ambalo wanahistoria, kwa uzembe wao, hawakuliandika. Wao walishughulika na wafalme na kuanguka kwa ngome. Mimi nasimulia Ijumaa ile ambayo dobi mmoja, pasi mkononi, bila ngao wala deraya, alisikiliza albamu ya pop kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nawe Mvuke, binti wa maji na moto, uliyekuwapo ukaona yote, nipulizie maneno, ila tafadhali usiniunguze ulimi.

Shujaa wetu aliitwa Hakimu. Sheria hakusoma hata ukurasa mmoja. Jina alipewa kwa ajili ya karatasi. Kwa miaka kumi na moja, kila Ijumaa albamu mpya zinapotoka, Hakimu, Mnyoosha Kola, Mtisha Makunyanzi, Bwana wa Pasi Nzito, alizicheza kwenye spika ya dukani, kisha akaandika hukumu yake kwa wino mwekundu na kuibandika ukutani juu ya kaunta, pale wateja wanapongojea nguo zao. Albamu za kantri, muziki wa magitaa wa wachunga ng'ombe wa Marekani, aliziandikia: "Kazi ya mtu mzima." Za pop aliziandikia: "Kelele." Wiki aliyokuwa na nafasi aliandika: "Kelele tupu."

Wala msidhani alihukumu kwa kubahatisha. Alikuwa na kipimo chake, nacho mtaa mzima ulikikubali: wimbo mmoja, shati moja. Wimbo ukiwa mzuri, alisema, mkono hutulia, pasi huteleza, na kola hulala yenyewe kama mtoto aliyeshiba. Wimbo ukiwa mbaya, mkono hujikwaa, na shati hutoka na mikunjo miwili pale ulipotakiwa mmoja. "Pasi haina rafiki," alipenda kusema, akiinua kidole, na wateja waliitikia kwa vichwa, hasa waliokuwa na haraka.

Sasa, kila shujaa ana wa kumkosesha usingizi, na wa kwake alikuwa mdogo wa mkewe, shemeji yake, Malkia wa Kaunta, mpokea nguo na mkunja taulo, mwanamke aliyeipenda pop kwa moyo wake wote na kwa mabega yake yote mawili. Alikuwa amefanya kazi chini ya karatasi ile kwa miaka mitatu. Kila Ijumaa alisoma "Kelele" juu ya nyimbo alizozipenda, na kila Ijumaa ilimuuma, kwa sababu wateja walisoma, wakacheka, wakamtazama yeye.

Ijumaa ile zilitoka albamu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya mzee wa kantri mwenye kofia pana, ambaye Hakimu alimfuata tangu kabla hajaoa. Ya pili ilikuwa ya binti mmoja wa pop mwenye nywele za kijani. Hakimu alikuwa ameshajaza maji kwenye pasi, ameshapanga mashati, na nadhani, Mvuke unisahihishe, alikuwa ameshaandika neno "Kelele" kichwani mwake, shemeji yake alipoweka taulo chini.

"Shemeji, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ijumaa iliyopita uliwaambia wateja kwamba ile albamu ya pop inaishia vibaya. Hebu niambie, inaishiaje?"

Pasi ilipumua. Hakimu hakupumua.

"Maana simu ya duka inaonyesha," shemeji akaendelea, akiinua simu hiyo kama mwendesha mashtaka anyanyuaye kisu chenye damu. "Ulizima wimbo wa pili, sekunde ya arobaini. Wiki ya juzi, wimbo wa pili, sekunde ya ishirini na tano. Yaani hujawahi kufika wa tatu!"

Ndipo Hakimu alipovuta pumzi, akasimama wima mbele ya meza yake ya vita, akanena kwa sauti iliyotikisa henga za nguo ukutani: "Ewe binti wa mama mkwe wangu, mfunga vifurushi, mlinda risiti! Wanishutumu mimi? Mimi niliyenyoosha suruali za harusi zisizo na idadi! Mimi niliyelitoa doa la wino katika joho la padri, likatoka likaomba radhi! Je, mtu aliyeonja kijiko kimoja cha mchuzi hajui kuwa umezidi chumvi, mpaka anywe sufuria?"

"Shemeji, nimekuuliza inaishiaje."

"Na mimi nataka kusikia!" ikaja sauti ya mkewe kutoka chumba cha nyuma, kuliko na mashine za kufulia. Na huyo, ndugu zangu, ndiye aliyekuwa mwenye duka.

Hakimu akazingirwa mbele na nyuma. Shemeji akatoa masharti, naye hakuyapamba. "Leo unasikiliza zote mbili, mwanzo mpaka mwisho, hakuna kuruka. Ukizima kabla haijaisha, naibandua karatasi yako na haibandikwi tena. Na utaandika pasi ilichosema, siyo ulichokuja nacho kutoka nyumbani."

"Naapa kwa pasi hii," akasema Hakimu, akaishika pasi yenyewe, akaiachia upesi, kwa kuwa kwa ghadhabu yake aliishika upande usiofaa.

Kikafunguliwa kitabu cha kwanza cha vita, ambacho hakikustahili kuwa vita, kwa kuwa alikuwa katika nchi yake mwenyewe. Mzee wa kofia pana akaanza. Wimbo wa kwanza ulihusu pikapu. Hakimu akatabasamu, shati likanyooka. Wa pili ulihusu mvua kunyesha juu ya pikapu. Wa tatu, pikapu imeuzwa na machozi yanatiririka. Wa nne, pikapu imenunuliwa tena.

"Ni ile ile?" shemeji akauliza.

"Kimya mahakamani."

Wimbo wa tano ukaleta msiba. Ngoma ikawa ya kompyuta, na katikati akaingia kijana mmoja akifokafoka kama mtu aliyekosea nyumba. Mkono wa Hakimu ukajikwaa. Mkono wa shati ukatoka na mikunjo miwili, mirefu, sambamba, kama reli. Alilitazama kwa uchungu wa kweli, kwa sababu alimpenda mzee yule, na si raha kumwona mtu uliyezeeka naye akivaa suruali ya mjukuu wake. "Anajaribu vitu vipya," akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe mwenyewe ulisema kujaribu vitu vipya ni kukosa adabu."

Wimbo wa tisa tu ndio uliomfuta machozi: gitaa moja, sauti iliyochakaa vizuri, habari za jiko la mama ambalo mtu amerudi akalikuta limepakwa rangi nyingine. Shati la tisa lilitoka la kufanyia picha. Lakini kati ya mashati kumi na moja, saba yalirudi mezani kupigwa pasi upya, na shemeji aliyahesabu kwa sauti yale yanayorudi, tena bila haraka yoyote.

Ndipo kikafunguliwa kitabu cha pili, na hapa ewe Mvuke kaa karibu. Binti wa nywele za kijani akaingia uwanjani na majeshi yake ya vinanda. Wimbo wa kwanza uliisha kabla Hakimu hajamaliza kola. "Huu ni wimbo au ni tangazo?" akanguruma. Wa pili ukamkuta kwenye kifungo cha kwanza, ukamwacha hapo hapo. Sekunde ya arobaini ikafika. Kidole chake kikanyooka kuelekea simu peke yake, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, nacho kikarudi mfukoni. Katika wimbo wa tatu sauti ilikuwa imepitishwa kwenye mashine mpaka usijue anayeimba ni binti au birika. Hakimu akaiunguza kola moja pembeni, akapata faraja kidogo. Wa nne, mguu wake wa kushoto ulianza kugonga sakafu.

"Unacheza, shemeji?"

"Umekufa ganzi."

Wa tano na wa sita zikapita, mashati mawili ya wastani, hayana sifa wala aibu. Kisha, kwa mkono uliojua kazi kuliko macho, Hakimu akachukua kutoka kwenye rundo shati lililofuata, akalitandaza, akaona ni lipi, na moyo wake ukashuka hadi kwenye viatu.

Lilikuwa shati jeupe la mwalimu mkuu. Msidhani ni shati hivi hivi. Begani, upande wa kushoto, chini kidogo ya kola, palikuwa na mkunjo mmoja ambao kwa miaka sita haukutii. Hakimu aliurushia maji. Aliukanda. Aliuwekea pasi mpaka kitambaa kikanuka moto. Aliusomea hata nyimbo za kantri zilizo bora kabisa, za wafiwa na za wafungwa, na mkunjo ulilala kama umekufa, ukamwacha atundike shati, ndipo ukainuka. Mwalimu mkuu, mtu mstaarabu, hakuwahi kulalamika, na ustaarabu huo ulimuua Hakimu kila wiki.

Wimbo wa saba ukaanza. Ulikuwa wa haraka, wa kelele, wa kipumbavu. Kiitikio chake hakikuwa na maneno, ni "la la la" tupu, mara nane, kisha mara nane tena. Lakini mdundo wake ulikuwa na mwendo fulani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mkono wa Hakimu ukaenda ukarudi. Pasi ikapita mgongoni. Ikapita mikononi. Kwenye kiitikio ikapanda begani, mara nane, kisha mara nane tena, na wimbo ulipokwisha Hakimu akalitundika shati, akajitenga hatua moja, akangoja mkunjo uinuke.

Haukuinuka. Akangoja tena. Akavaa miwani. Bega lilikuwa tambarare.

Wanaume wengine wangefurahi. Hakimu alitokwa na jasho. Kwanza akajitetea: bila shaka mlikuwa na gitaa la kantri limefichwa mahali fulani humo ndani. Akacheza kiitikio tena, akiwa ameinamisha sikio kwenye spika, akalitafuta gitaa chini ya ngoma na nyuma ya vinanda, na hakukuta hata waya mmoja. Ndipo likamjia wazo ovu. Shemeji alikuwa amempa mgongo, akimfungia mteja blanketi. Hakuna aliyeona. Kukunja kidogo tu kwa kiganja, hapo begani, na miaka kumi na moja ingebaki salama, na karatasi ingebaki ukutani, na "Kelele" ingebaki kelele.

Akalikamata bega la shati. Akakaza vidole.

Vidole vikagoma. Vilikuwa vidole vya dobi, ndugu zangu, tangu ujana wake vilikuwa vinanyoosha, na kukunja kwa makusudi shati lililonyooka vilikuwa havijafundishwa. Alijaribu mara ya pili, akifumba macho. Machozi yakamlengalenga. Mwishowe aliliachia shati, akaifuta alama ya jasho lake kwa kitambaa safi, akarudi mezani akamalizia nyimbo tano zilizobaki, pamoja na wa tisa ambao shemeji aliuchezea mabega yote mawili, akinyoosha polepole kama mgonjwa. Shemeji aligeuka kumtazama mara mbili, akidhani anaumwa.

Saa kumi, kama kila Ijumaa, akaingia kinyozi wa duka la pili, sahibu wa Hakimu, askari mwenzake wa kantri, aliyekuja kusoma hukumu ili akawasomee wateja wake. Hakimu alikuwa ameshaibandika. Kinyozi akasoma kwa sauti ya kusherehekea: "Kantri: pikapu zimezidi." Sauti ikapungua. "Pop: kelele, isipokuwa wimbo wa saba, ambao..." Akasogea karibu. "Hapa umefuta. Ambao nini?"

Nyuma ya duka, mashine moja ikazimwa.

"Sema kwa mdomo, shemeji," akasema Malkia wa Kaunta, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. Alikuwa amelishika taulo moja, ameshalikunja mara tatu, analikunjua.

Hakimu akatazama dari, akatazama pasi, akatazama bega la mwalimu mkuu. "Ambao," akasema, "ni mzuri."

Shemeji akageukia rafu za nguo, akakaa hivyo muda mrefu kuliko rafu zilivyohitaji, kwa sababu alikuwa na furaha iliyomjaa mpaka machoni na hakutaka mtu aione. Kinyozi yeye aliweka mkono kwenye paji la uso wa Hakimu. "Ndugu yangu, ni mvuke. Kaa chini. Umevuta mvuke mwingi."

"Huamini?"

"Siamini!"

"Vua shati."

Na hapo, mbele ya mteja mmoja mwenye blanketi na mke wa Hakimu aliyetoka nyuma na mapovu mkononi, kinyozi akavua shati, akabaki na fulana, akikunja mikono kifuani. Shemeji akaucheza wimbo wa saba, sauti ya mwisho. Pasi ikaenda ikarudi. Kwenye kiitikio kinyozi alikaza meno, alikaza na shingo, lakini kichwa kikamsaliti. Kikatikisika mara nane, kisha mara nane tena. Akalipokea shati likiwa bado na joto, akalivaa, akajitazama kwenye kioo cha kaunta, akageuka upande huu, akageuka upande ule.

"Huyu binti," akauliza akifunga vifungo, bila kumtazama mtu, "hii ndiyo albamu yake ya kwanza, au ana nyingine?"

Shemeji akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kwa muuza viatu. "Na wa tisa wa huyu binti, shemeji? Wa tisa je?"

"Usivuke mpaka," akasema Hakimu.

Basi yachongwe kwenye mawe, na mawe yakikosekana yaandikwe nyuma ya risiti: kwamba Ijumaa ile, saa kumi na dakika ishirini, wanaume wawili wazima, kwa hiari yao na kwa mashahidi, waliukubali wimbo mmoja wa pop, na wimbo wa tisa, kwa amri ya Hakimu, ukabaki kelele.